Bi Harusi wa Tuta la Mwisho

Jani lilichomoka lenyewe. Fundi Bomba hakulivuta; alilishika tu kwa vidole viwili, kwa upole, nalo likaja mkononi mwake, laini, la manjano, linanuka. Akabaki amepiga magoti kwenye changarawe, jani mkononi, akijifanya hajui harufu ile ni ya nini. Lakini mtu aliyezibua mifereji ya mji mzima tangu ujanani hadi mvi zimtoke hawezi kujidanganya kwa jambo kama hilo. Kitu kilichooza majini alikijua hata kwa macho yaliyofumbwa.

Akachimba kwa kidole. Chini ya changarawe mchanga ulikuwa umelowa tepetepe. Tunguu, lile shina nene la chini linalofanana na kitunguu, lililotakiwa kuwa gumu kama ngumi, lilibonyea alipoligusa, likatoa maji meusi.

"Nimemuua," akasema, peke yake uani, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Aliyeuawa alikuwa ua, na ua lenyewe halikuwa lake. Bustani yote ilikuwa ya mkewe, ambaye watu wa mtaa walimwita Mama Miche kwa sababu aliuza miche kando ya barabara miaka nenda miaka rudi, mpaka siku alipoteleza akavunjika nyonga. Mji wao ulikuwa mkavu. Mvua ilikuja msimu mmoja tu kwa mwaka, tena kwa kubembelezwa, na maji ya bomba yalitoka siku yalipojisikia kutoka. Majirani wengi walishachoka na bustani, wakazimwagia saruji nyua zao zote na kuweka viti vya plastiki. Mama Miche yeye aliamua kuipanga mimea yake kwa kiu.

Karibu na jiko, palipotokea maji ya kuoshea vyombo, aliwaweka aliowaita walevi: mpapai, mnanaa, na migomba isiyojua kushiba. Katikati walikaa wastaarabu, waliokunywa kidogo wakanyamaza. Mwisho kabisa, chini ya ukuta unaopigwa na jua mchana kutwa, juu ya mchanga na kokoto, palikuwa na tuta la wanaofunga. Huko hapakufika ndoo wala kopo. Ilikuwa amri, na Mama Miche hakuwa mtu wa amri nyingi.

Katika tuta hilo ndiko walikolala Bi Harusi. Ni yeye aliyewapa jina hilo. Lilikuwa ua la nyika ya huko huko kwao, nyuma ya machimbo ya kokoto, ambalo watu walilipita bila kulitazama kwa sababu karibu mwaka mzima hakuna cha kutazama. Mvua ya kwanza ikishapiga, linatoka ardhini likiwa ua tupu, hata jani halijaonekana, jeupe lenye michirizi ya waridi. "Wageni wamekaa, wamechoka, wamekwisha kula," alipenda kusema, "ndipo bibi harusi anatoka." Alikusanya mbegu zake kabla nyika ile haijasawazishwa na kujengwa maghala. Nyingi hazikuota. Zilizoota zilimtolea watatu tu, na hao watatu walimpa majani mwaka baada ya mwaka bila ua hata moja, naye akawalea kwa kutowafanyia lolote. Msimu huu, alisema, matunguu yameshanenepa. Msimu huu watatoka.

Kisha ndipo alipoanguka, akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani na fimbo, mikononi mwa mume wake.

Sasa hapa inafaa mtu amwelewe Fundi Bomba. Si mtu mbaya. Ni mtu wa kufikisha. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kutoa maji mahali yalipo na kuyafikisha mahali yasipo, na hakuwahi kuona sura ya mtu ikinuna maji yalipofika. Mkewe aliporudi hawezi kutembea vizuri, alifanya alichojua. Alifunga vishikio vya bomba la chuma kutoka kitandani hadi msalani, kutoka msalani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi uani, mpaka nyumba ikafanana na zizi. Alimletea chai kabla hajaitaka, na alipoiacha ipoe alimletea nyingine. Akiinuka, naye anainuka. Akikaa, anamwekea mto, anauondoa, anamwekea mwingine. Usiku alimwamsha kumuuliza kama amelala vizuri.

Mama Miche alivumilia kwa kadiri alivyojaliwa. Asubuhi moja alikuwa amekaa mlangoni akitazama mimea yake, naye mume amemzunguka na kikombe, na shali, na kigoda cha kuwekea mguu.

"Kaa," akamwambia.

"Nakuja, ngoja nikuletee ile dawa ya kuchua."

"Sitaki dawa. Nasema kaa. Hapa, na mimi."

"Nakaa, mama, nakaa," akasema, tayari yuko nusu ya njia kwenda chumbani.

Aliporudi alimkuta ameshapiga simu kwa dada yake mkubwa, anayeishi mji wa pili. Hakukuwa na ugomvi. Alifunga kibegi chake mwenyewe, polepole, akikataa kusaidiwa hata zipu.

"Nakwenda kupumzika," alisema.

"Utarudi lini?"

"Nikishapumzika." Alimtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomuumiza kuliko maneno. "Na usinipigie simu kila dakika. Nitapiga mimi. Na wale wa mwisho pale, usiwape maji. Hata wakionekana wamekufa. Wamelala tu."

Wiki zilipita. Alipiga, ndiyo, lakini kwa nafasi na kwa ufupi, na kila alipoulizwa kuhusu kurudi alijibu kwamba kwa dada kuna kimya kizuri. Fundi Bomba alilichukua neno hilo akalala nalo. Kimya kizuri. Yeye nyumbani alikuwa na kimya pia, lakini hakuona uzuri wake. Alipitisha mikono juu ya vile vishikio vyake vya chuma akaanza kuogopa jambo ambalo hakuwahi kuliogopa katika ndoa yao ndefu: kwamba mtu anaweza kuondoka bila kununa, na asirudi kwa sababu tu ameona ni nafuu.

Majani ya tuta la mwisho yakaanza kukauka, kama yanavyokauka kila mwaka. Kila mwaka alikuwa na mke wa kumwambia aache. Mwaka huu alisimama pale peke yake akitazama ncha zinavyogeuka rangi ya karatasi kuukuu, na moyo ukamshinda. Akajiambia: akirudi akute wamekufa, atarudi kwa nani?

Hakumwaga maji kwa kopo. Kopo lingekuwa kuvunja amri. Alilaza mpira mwembamba wa matone chini ya changarawe, kutoka kwenye pipa la jikoni hadi ukutani, wenye kitundu, yaani kijidomo cha plastiki cha kudondoshea maji, mbele ya kila Bi Harusi, akafukia kwa ustadi hata paka hakugundua. Ilikuwa kazi safi. Wawili wa mwanzo walishukuru mara moja. Majani yao yakashika kijani. Aliwasifu kila asubuhi. Wa tatu, wa mwisho kabisa karibu na pembe, aliendelea kukauka, majani yakapeperuka, pakabaki mchanga mtupu. Fundi alimsikitikia huyo, akaona ndiye mnyonge wa familia.

Hivyo ndivyo alivyofika pale alipokuwa, magotini, na maji meusi vidoleni.

Alimchimbua wa pili. Naye alikuwa uji. Akarudi nyuma akaketi juu ya changarawe ya moto bila kujali suruali yake, akachomoa simu. Kupiga kwa mkewe alikatazwa. Kupiga kwa shemeji yake hakukatazwa na mtu.

"Shemeji," alisema yule dada mkubwa, "hii ni mara ya pili leo, na hata chai sijanywa."

"Nataka kujua tu anaendeleaje."

"Anaendelea kama alivyokuwa anaendelea alfajiri ulipouliza. Amekaa kibarazani. Hafanyi kitu. Anafurahi."

"Amesema lolote kuhusu kurudi?"

Dada mkubwa alikuwa mwanamke wa maneno ya wazi, lakini alimpenda shemeji yake. "Jana aliniuliza kama chumba cha nyuma kina mpangaji," alisema. "Nimekwambia kwa sababu ningekuwa wewe ningetaka kuambiwa."

Fundi Bomba alishukuru, akakata simu, akayatazama yale matunguu yaliyooza mbele yake. Chumba cha nyuma. Yaani mkewe alikuwa ameshaanza kukipimia mapazia.

Kulikuwa na njia rahisi, na aliiona. Angeweza kufukia mashimo, akasawazisha changarawe, akasema wamelala. Mvua ikija wasitoke, angesema mwaka haukuwa mzuri. Hakuna ambaye angejua. Aliifikiria njia hiyo kwa muda wote aliochukua kunawa mikono, na aliponyanyua uso kwenye kioo kidogo juu ya sinki akaona aibu kujitazama. Mwanamke yule alikaa miaka akiwasubiri wale. Alistahili angalau kujua kwamba hakuna tena wa kusubiri.

Lakini kwanza aling'oe uchafu wake. Alishika mpira kutoka kwenye pipa, akaanza kuuvuta, changarawe ikifumuka nyuma yake kama mshono. Akapita shimo la kwanza, akapita la pili. Alipofika kwenye pembe, kwa yule mnyonge, mpira ulitoka na vumbi.

Akasimama. Akashika mchanga wa pale. Ulikuwa mkavu, wa moto, unapita kati ya vidole. Akakigeuza kitundu cha mwisho, akakiweka machoni, akachukua sindano akachokoa. Ikatoka punje ya mchanga, na nyuma yake nyingine, na nyuma yake kijibonge kizima cha takataka.

Bomba lilikuwa limeziba. Bomba lake. Kitu cha kwanza alichowafundisha vijana wote waliopita mikononi mwake kilikuwa hiki: kabla hujafunga mwisho wa mpira, fungulia maji yapite, yaoshe, ndipo ufunge; usipoosha, uchafu wote utakwenda kukaa kwenye tundu la mwisho. Alikuwa akiwapigia kelele kwa kosa hilo. Na siku alipolaza mpira huu alikuwa na haraka, kwa sababu ilikuwa jioni ambayo mkewe alisema huenda atapiga simu, na hakutaka simu imkute mikono ina matope. Hakuosha. Wala simu haikuja jioni ile.

Alifukua taratibu, kwa vidole tu. Tunguu la tatu lilikuwa pale chini, kubwa kuliko mawili yote, kavu, limejifunga maganda yake, gumu kama ngumi. Alilifunika haraka, akaogopa hata kulitolea pumzi.

Kisha akavunja amri nyingine. Akampigia.

"Nilisema nitapiga mimi," ilikuwa sauti ya Mama Miche, bila hasira.

"Najua. Hii si ya kukuuliza hali." Alipiga moyo konde. "Mama, nimewaua Bi Harusi. Wawili. Niliwapitishia mpira wa maji chini ya changarawe. Sikutumia kopo."

Kimya. Si kile kizuri.

"Uliniambia nisiwape," akaendelea, maana alishaanza na hakujua pa kukomea. "Nilikusikia. Niliogopa tu urudi ukute pamekauka. Wameoza wote wawili. Nimewachimbua. Sikutaka uambiwe wamelala."

"Na wa tatu?" aliuliza baadaye, kwa sauti ndogo.

"Wa tatu mzima."

"Mzima vipi, kama uliwapa wote?"

Fundi Bomba alifumba macho. Lile lingine lilikuwa kosa. Hili lilikuwa aibu. "Bomba liliziba," akasema.

"Bomba gani?"

"Langu. Sikuosha mpira kabla ya kufunga, kitundu cha mwisho kikajaa mchanga."

Kisha akasikia sauti ambayo mwanzoni alidhani ni kilio, roho ikamruka. Haikuwa kilio. Mama Miche alikuwa anacheka, kicheko cha tumboni ambacho hakikuwa kimesikika tangu kabla ya nyonga, na kwa nyuma dada mkubwa anauliza kuna nini, kuna nini jamani, naye hawezi kumjibu.

"Bomba lako wewe," alisema alipopata pumzi. "Wewe uliyemfukuza kijana wa watu kazi kwa ajili ya uchafu kwenye paipu."

"Nilimrudisha."

"Ulimrudisha baada ya mimi kukununia." Akavuta pumzi, na kicheko kikamtoka kidogokidogo mpaka akabaki anapumua tu. "Wale wawili nitawalilia, ujue. Sijawasamehe."

"Najua."

"Kitundu hicho usikitupe. Nakuja kukiona."

Alikuja mwisho wa wiki, na mawingu ya kwanza nyuma yake. Gari lilisimama mlangoni, na Fundi Bomba alikwisha piga hatua kwenda kumfungulia mlango alipojikumbuka. Akarudi, akasimama kizingitini, mikono nyuma, amejishika mwenyewe kama polisi aliyemkamata mwizi. Mama Miche alishuka kwa zamu: fimbo, mguu mzuri, mguu mbaya. Ilichukua muda mrefu. Dereva alimtazama yule mzee aliyesimama tu, akatikisa kichwa kwa kulaani waume wa siku hizi, na Fundi akaumeza ule mtazamo kama dawa chungu.

Ndani Mama Miche aliona vishikio vimeondolewa, vyote isipokuwa cha msalani.

"Kile nilikipenda," alisema kuhusu cha msalani.

"Ndiyo maana nimekiacha."

Kitundu kilikuwa mezani, juu ya kisosi. Alikigeuza huku na huku, akacheka tena, kidogo, akakitia mfukoni. Kibegi chake hakukifungua. Kilikaa karibu na mlango siku hiyo na siku iliyofuata, na mumewe akakizunguka kila alipopita, asiulize. Alijikaza asiulize mambo mengi. Chai aliichemsha ikakaa jikoni ndani ya chupa, na aliyeitaka aliifuata. Siku zile alijifunza kwamba kutofanya kitu ni kazi, tena inachosha mgongo kuliko kulaza mabomba.

Mvua ilipiga alasiri, fupi, nzito, ikaondoka. Haikupita muda mrefu baada yake, asubuhi, Mama Miche alimaliza chai yake akainuka bila kusema, akatoka uani. Ardhi ilikuwa bado inanukia. Fundi Bomba alimtazama kutoka mlangoni akiwapita walevi waliokwisha jaa maji hadi shingoni, akawapita wastaarabu, akaingia kwenye changarawe yenye unyevu ambayo mtu mwenye miguu yote miwili mizima huteleza. Fimbo ilitafuta, ikapata. Mara moja ilisogea vibaya, na kikombe mkononi mwa Fundi kikamwaga chai juu ya kiatu chake. Hakwenda.

Alifika. Akasimama juu ya pembe ile ya mwisho, mgongo umempa mumewe, akainama kadiri nyonga ilivyomruhusu. Akakaa hivyo. Hakugeuka, hakuita, na kutoka mlangoni hapakuonekana lolote zaidi ya kanga yake na mawe yaliyoloa. Fundi alitaka kuuliza, akalimeza swali pamoja na chai iliyobaki.

"Fundi," alisema hatimaye, bila kugeuka.

"Naam."

"Lete vigoda."

Akavichukua kile chake na kile cha kuwekea mguu, akaenda, akijilazimisha atembee.

"Kipi ukalie?" aliuliza. "Hiki kina mto."

"Chochote. Weka vyote viwili. Kimoja changu, na kimoja chako wewe, usinisimamie-simamie."

Akaviweka kila upande wa ile pembe. Mama Miche alinyoosha mkono, akashika bega la mumewe kama mtu anavyoshika kitu alichokizoea, akajishusha mpaka akakaa. Mkono hakuuondoa mara moja. Fundi Bomba akakaa naye, magoti yao yakikaribia kugusana juu ya mchanga.

"Ametoka?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Tazama."

Mwanzoni hakuona. Kisha akaona kijiwe kimoja, si kikubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, kimesimama kwa upande. Jana kilikuwa kimelala na wenzake. Chini yake mchanga ulikuwa umepasuka ufa mwembamba, na ndani ya ufa giza tu, au pengine kitu.

Mkono wake ulitoka wenyewe kwenda kukiondoa kile kijiwe, kumrahisishia njia. Ulifika katikati. Mama Miche alikuwa anatazama mchanga, si yeye. Fundi Bomba akaurudisha mkono, akaukalia. Baada ya kufikiri kidogo, akaukalia na wa pili.